Kujiandaa kwa Shule ya Sheria ukiwa bado chuo kikuu

Mhitimu wa shahada ya sheria nchini Tanzania anayetaka kuwa wakili hana budi kupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ijulikanayo kama Shule ya Sheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuwekwa Dar es Salaam. Matokeo ya mitihani yake yaliyojulikana mwaka 2022, ambapo kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, yalizua mjadala mkali hadi Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, waziri wa zamani wa Katiba na Sheria. Nani alaumiwe ni swali lingine. Mwanafunzi aliye mwaka wa pili leo ana la kufanya kabla hajafika huko.

La kwanza ni taratibu za mahakama. Chuo kikuu hukufundisha zaidi sheria inasemaje, ilhali kule utatakiwa kuonyesha unavyoitumia: shauri lifunguliwe mahakama ipi, kwa hati gani, ndani ya muda gani, na pingamizi lijibiwe vipi. Kwa hiyo soma Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ukiwa na sheria yenyewe mkononi badala ya notisi zilizorithiwa kutoka kwa waliokutangulia. Hakikisha ni Toleo la Urekebu la mwaka 2023, yaani sheria zikiwa zimeunganishwa na marekebisho yake, maana notisi za zamani zinaweza kukupa kifungu kilichokwisha kubadilika.

Kisha andika. Chagua hukumu moja ya Mahakama ya Rufani kutoka TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ambako husomwa bure, uisome mpaka uelewe mgogoro ulianzaje, halafu uandae hati ya madai, utetezi wa maandishi na kiapo kana kwamba shauri hilo ndilo linafunguliwa leo. Mpe mhadhiri au wakili aisahihishe, hata akiijaza wino mwekundu. Fanya zoezi hili kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia, kwa kuwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na wahitimu wengi wanaojua kesi kwa Kiingereza hukwama wanapotakiwa kuandika aya tatu zilizonyooka kwa lugha yao wenyewe.

Mafunzo ya vitendo ya likizo yachukuliwe kwa uzito. Ofisi ndogo ya wakili inayokutuma masijala ya mahakama kila asubuhi, kwa maoni yangu, hufundisha kuliko ofisi kubwa inayokuketisha maktaba.

Maombi yenyewe si magumu. Vinavyowachelewesha watu ni vyeti. Linganisha mapema jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, na transkripti. Yakitofautiana, hata kwa herufi, shughulikia hati ya kubadili jina kabla hujahitimu. Aliyesoma nje ya nchi aombe kwanza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) itambue shahada yake.

Kuhusu ada, soma mwongozo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) unaohusu wanafunzi wa taasisi hii mara tu unapotolewa, kwa sababu maombi ya mkopo yana dirisha lake na hayaendi pamoja na maombi ya udahili.