Namna ya kupanga malipo ya fundi kwa kila shati

Ninaendesha ateliye ya cherehani hapa Lubumbashi, komini ya Kenya. Kazi yetu kubwa ni sare za shule: shati nyeupe, sketi na suruali za bluu. Kuanzia mwezi wa saba wakuu wa shule wanakuja na bei yao tayari, na hapo ndipo mafundi wanapoumia. Mwenye ateliye anaikubali ile bei, anaondoa kitambaa, uzi, vifungo, kodi na faida yake, kisha kinachobaki ndicho anachompa aliyeshona. Usipange hivyo. Anza na fundi, bei ya mteja ije mwisho.

Kwanza pima muda. Chukua fundi wa mkono wa kawaida, si yule mwepesi kuliko wote, umpe mashati matano ashone saa ikiwa mezani. La kwanza usilihesabu. Andika kila hatua: mabega, mikono, mbavu, pindo, matundu ya vifungo. Kola iandike peke yake, maana ndiyo inayokula muda: kuitia kitambaa kigumu cha ndani, kuishona kinyume, kupunguza ncha, kuigeuza, kuipiga pasi, kuishikisha shingoni bila mkunjo. Ikilala upande mmoja, shingo yote inafumuliwa. Anayekadiria kwa macho huisahau kazi hiyo, na fundi anaifanya bure. Tuseme shati zima ni dakika 70.

Sasa hesabu siku. Sheria ya kazi ya Kongo inaweka saa 45 kwa wiki. Kwa siku sita ni saa saba na nusu. Toa muda wa umeme kukatika, kubadili sindano, kutia mashini mafuta, kungoja mkataji. Mimi nahesabu saa sita za kushona kweli, yaani dakika 360.

Pesa ya siku isishuke chini ya SMIG ya sasa, yaani kima cha chini cha mshahara kwa sheria, lakini usiishie hapo. Kiwango cha 2018, faranga 7,075 kwa siku, kilikaa hadi 2025, na bei ya unga haikukingoja. Kaa na fundi, mwulize: unga wa bukari, makala ya kupikia, kodi ya nyumba, usafiri, dawa, masomo ya watoto. Jumla ya mwezi igawe kwa siku 26. Mkipata, kwa mfano, faranga 25,200, gawa kwa dakika 360: faranga 70 kwa dakika. Shati la dakika 70 ni faranga 4,900 za fundi. Ndipo uongeze kitambaa na mengine.

Mteja atasema shati la kutoka nje ni rahisi. Mweleze urahisi huo unatoka wapi. Pamba ina bei yake, meli ina bei yake. Panapobanwa ni kwenye mkono wa mshonaji. Bangladesh, mwaka 2023, vyama vya wafanyakazi wa viwanda vya nguo vilidai taka (pesa ya huko) 23,000 kwa mwezi. Kima cha chini kikawekwa 12,500. Na mshahara mdogo hauishii kwenye njaa. Pale Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo huko Savar, karibu na Dhaka, nyufa zilionekana tarehe 23 Aprili 2013. Benki iliyokuwa humo ikaondoa watu wake. Washonaji wakaamriwa warudi kesho yake, wengine wakitishiwa kukatwa mshahara, na jengo likawaangukia. Watu 1,134 walikufa. Naamini kabisa kwamba mtu mwenye akiba kidogo nyumbani angeweza kukataa kupanda zile ngazi.

Mteja akizidi kuomba apunguziwe, punguza shati: ondoa mfuko, rahisisha kofu za mikono, nunueni kitambaa kwa jora zima. Faranga 70 zisiguswe. Kazi ya usiku ya mwezi wa nane iongezewe malipo, na shati lililoharibika kwa sababu ya mkataji au kitambaa kibovu, fundi alipwe vilevile.

Dai nusu ya pesa kabla ya kukata, na humo utenge kwanza ya mafundi. Weka madaftari mawili, moja lako na moja lake, yaandikwe pamoja kila jioni. Lipa Jumamosi, hata kama shule bado haijamaliza deni.