Jinsi ya kutengeneza mitambo ya fizikia inayofanya kazi kwenye Roblox Studio (tuanze na daraja la kuinuka)

Wadau, hii ni kwa yeyote ambaye tayari anajua kufungua Roblox Studio (programu ya kutengenezea magemu ya Roblox), kuweka vipande na kuvipaka rangi, ila akitaka kutengeneza kitu kinachojongea kwa fizikia chenyewe kinamgomea. Mlango unatetemeka, gari linapaa, daraja linajizungusha mpaka linatupwa upande wa pili wa ramani. Wengi wakifika hapo wanakimbilia kuongeza nguvu ya mota, wanaweka sifuri sita, saba, na mtambo ndo unazidi kuvurugika. Msimamo wangu ni huu: mtambo uliojengwa vizuri unahitaji nguvu kidogo sana. Ukiona unalazimika kuweka namba kubwa kubwa ujue kuna uzito umekaa vibaya au kuna vitu vinagusana, na nguvu haiwezi kutibu hayo.

Tutengeneze daraja la kuinuka, lile la kwenye ngome za zamani za Ulaya. Nimelichagua kwa sababu ndani yake kuna bawaba, uzito, mgusano na kitufe, ukiliweza hilo basi geti, kombeo na kreni unabadilisha vitu vichache tu.

Kitu cha kwanza kabisa ujue graviti unayofanyia kazi. Nenda Workspace angalia Gravity, utakuta 196.2, hizo ni stadi (kile kipimo cha urefu cha Roblox) kwa sekunde kwa sekunde. Ni kali sana hiyo. Stadi 1 ikichukuliwa kama sentimita 28, graviti ya duniani ingekuwa kama 35 tu, kwa hiyo kwenye gemu vitu vinavutwa chini zaidi ya mara 5 ya vile jicho lako limezoea, na ndo maana mtambo unaoonekana mwepesi unakataa kunyanyuka. Unaweza kuishusha lakini utabadilisha na namna wachezaji wanavyoruka, kwa hiyo mimi naiacha hivyo hivyo nacheza na uzito.

Uzito sasa. Kila kipande kina Mass, iko kwenye Properties, huiandiki mwenyewe, inatokana na ujazo wa kipande mara densiti (uzito kwa kila kipimo cha ujazo) ya material uliyochagua. Wood ni 0.35, Plastic 0.7, Concrete 2.4 na kidogo, Metal 7.85. Yaani ukibadilisha mbao kuwa chuma kwa sababu tu inapendeza, umeongeza uzito zaidi ya mara 22 bila kugusa kitu kingine. Kama unataka muonekano wa chuma na wepesi wa mbao, washa CustomPhysicalProperties kwenye kipande chenyewe uandike densiti unayoitaka, material inabaki sura tu.

Haya, weka kipande cha daraja: urefu 24, unene 1, upana 10, material Wood. Ujazo 240, mara 0.35, uzito 84. Weka nguzo mbili, moja kila upande wa daraja pale mwanzoni, zote ziwe na Anchored (yaani zimegandishwa, fizikia haizisogezi). Daraja lenyewe lisiwe na Anchored, na hapa kuwa makini kwa sababu ukiunganisha vipande kwa weldi, kimoja tu kikiwa na Anchored basi kundi zima linaganda. Ukibonyeza kuendesha na hakuna kinachosogea hata nukta, angalia hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Acha nafasi ya 0.2 kati ya daraja na kila nguzo. Hili watu hawalifanyi kabisa, wanasukuma vipande mpaka vibanane kwa sababu inapendeza machoni, halafu wanashangaa mtambo unatetemeka. Kuunganishwa na bawaba hakuzuii vipande viwili kugongana, fizikia bado inaona nguzo na daraja kama vitu viwili vinavyosukumana, bawaba inavuta huku mgusano unasukuma kule na mtetemeko unaouona ndo huo ugomvi. Kama muundo wako hauruhusu nafasi, weka NoCollisionConstraint kati ya hivyo vipande viwili ili visigongane, kazi imeisha.

Sasa bawaba. Kwenye tabo ya Model chagua Hinge, bonyeza ubavu wa nguzo, halafu ubavu wa daraja pale ukingoni. Zitatokea Attachment mbili (pointi ambazo bawaba inashikilia, moja kwenye kila kipande), na ukiwasha Constraint Details utaziona vizuri pamoja na mishale yake. Wewe shughulika na mshale wa njano, huo ndo mhimili, daraja litazunguka kwa kuufuata. Mishale ya njano yote miwili inatakiwa ilale kukatiza upana wa daraja na ielekee upande mmoja, na Attachment zenyewe zikae sehemu moja kabisa, katikati ya unene wa daraja, kwenye ukingo. Mmoja ukielekea kushoto na mwingine kulia, ukianza tu daraja litageuzwa kwa nguvu ili ielekee pamoja, na hapo ndo linapotupwa. Attachment ni kitu unachoweza kukisogeza na kukizungusha kama kipande kingine, kwa hiyo usifute uanze upya, rekebisha mshale.

Bawaba moja inatosha. Najua moyo unakutuma uweke na upande wa pili ili iwe imara, lakini bawaba mbili zisipokaa kwenye mstari mmoja sawasawa zinaanza kuvutana zenyewe.

Kabla hujaweka mota yoyote, jaribu. Bonyeza F8, hiyo inaendesha fizikia bila kumleta mhusika, tofauti na F5. Daraja linatakiwa lianguke lenyewe kwa ulaini na kuning'inia. Likining'inia bila kutetemeka, bawaba yako ni nzima. Likitetemeka, rudi kwenye nafasi na mishale, usiendelee mbele kwa sababu kila utakachoongeza kitaficha tatizo. Ukimaliza weka ukingo wa kulipokea upande wa pili, kipande chenye Anchored ambacho ncha ya daraja italalia.

Sasa tufike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Daraja likiwa limelala, katikati ya uzito wake iko stadi 12 kutoka kwenye bawaba. Nguvu ya kuzungusha inayohitajika kulianzisha ni 84 × 196.2 × 12, karibu 198,000. Ukiweka chuma badala ya mbao ni zaidi ya 4,400,000. Hizo ndo sifuri ambazo watu wanazimwaga kwenye mota. Lakini kumbuka ile sayansi ya shule ya msingi, wenzo, egemeo, mzigo, jitihada. Bawaba ni egemeo. Ukiweka uzito nyuma ya egemeo daraja linakuwa limebebwa tayari kabla mota haijawaka.

Hesabu ni fupi. Mbele kuna 84 × 12, yaani 1008. Nyuma tukiweka uzito stadi 4 kutoka kwenye bawaba tunahitaji uzito wa 252. Chukua vipande viwili vya Metal, kila kimoja urefu 4, kimo 2, upana 2, jumla ujazo 32, mara 7.85 unapata 251.2. Mara 4 ni 1004.8. Angalia hiyo tofauti: 1008 na 1004.8, mbele pamezidi kidogo sana, daraja litalala lenyewe lakini mtu angeliinua kwa kidole. Kutoka 198,000 sasa mota inapambana na kama 630 hivi.

Viweke hivyo vipande kimoja kushoto kimoja kulia, ndani ya upana wa daraja, katikati yake ibaki njia ya wachezaji kupita, vikae usawa wa daraja na katikati ya kila kimoja iwe stadi 4 nyuma ya bawaba. Viunganishe na daraja kwa WeldConstraint, si lazima vigusane nalo, weldi inashika hata vikiwa mbali. Na uchimbe shimo chini yake, kwa sababu daraja likipanda hivyo vinashuka, ncha zake zinafika stadi 6 na kidogo kutoka kwenye bawaba, kwa hiyo shimo la stadi 7 kwenda chini linatosha. Barabara ya kuingilia iwe nyembamba kiasi, upana 5 na nusu, isivikwaruze.

Linyanyue daraja kidogo kutoka kwenye ukingo, bonyeza F8 tena. Ukiliona daraja linashuka polepole kwa utulivu badala ya kudondoka puu, umepatia.

Sasa ndo mota. Chagua ile HingeConstraint (ndo bawaba yetu), ActuatorType iweke Servo. Kuna Motor na kuna Servo, Motor inazunguka bila kusimama, ni ya magurudumu na feni, Servo inaenda mpaka pembe uliyoitaja na kukaa hapo. ServoMaxTorque mwanzoni ni sifuri kwa hiyo usipoigusa hakuna kitakachotokea, weka 20,000. Tumebakiwa na 630 tu ya kupambana nayo lakini daraja bado lina uzito wa kuanzishwa na kusimamishwa, hiyo 20,000 inaleta mwendo wa taratibu. AngularSpeed weka 0.5, hiyo ni radiani kwa sekunde si digrii, digrii 80 zitachukua karibu sekunde 3. TargetAngle yenyewe ni digrii. Ujaribu 80, daraja likielekea chini badala ya juu basi weka -80, inategemea mshale wa njano unaangalia wapi.

Kitufe: weka kipande chochote karibu na daraja, ndani yake weka ProximityPrompt (kitufe kinachotokea mchezaji akisogea karibu), hii naipendelea kwa sababu kwenye simu inatokea kitufe kikubwa cha kugusa na wachezaji wetu wengi wako kwenye simu. Kwenye kipande hicho hicho weka Script:

local prompt = script.Parent.ProximityPrompt
local bawaba = workspace.Daraja.HingeConstraint
local juu = false

prompt.Triggered:Connect(function()
    juu = not juu
    bawaba.TargetAngle = if juu then 80 else 0
end)

Kama -80 ndo iliyokufaa, iandike hapo badala ya 80. Hapo kipande cha daraja kimepewa jina Daraja, na HingeConstraint iko ndani yake, kama Studio imeiweka kwenye nguzo ihamishe tu, haina shida. Skripti haisogezi daraja, inabadilisha lengo tu na fizikia inafanya iliyobaki, ndo maana mchezaji akisimama juu yake wakati linapanda atateleza kweli.

Springi na shokapu nizigusie kwa sababu hesabu ni ile ile. SpringConstraint ukiiweka tu, Stiffness (ugumu wa springi) na Damping zinaanza na sifuri, gari linalala chini, watu wanasema springi mbovu. Tuseme bodi la gari lina uzito 200 na springi 4. Mzigo wote ni 200 × 196.2, gawanya kwa 4 kila springi inabeba 9,810. Unataka ibonyee nusu stadi gari likisimama? Gawanya 9,810 kwa 0.5, Stiffness ni 19,620. Damping ndo shokapu lenyewe, kwa gari hili anzia 600, likidunda sana panda kuelekea 1,000, ukizidisha sana linakuwa gumu halifuati barabara. FreeLength (urefu wa springi isipobanwa) iongeze hiyo nusu ili gari likae kimo unachotaka. Springi peke yake haimzuii mtu wala kitu kwenda pembeni, kwa hiyo gurudumu liwe na PrismaticConstraint au CylindricalConstraint ya kulishikilia lipande na kushuka tu.

Vitu vyenye tundu navyo vinasumbua. Ukitoboa kipande kwa Negate na Union halafu ekseli haiingii, au gololi inaelea juu ya tundu, angalia CollisionFidelity (inaamua umbo ambalo fizikia inalitumia kwenye mgusano). Ikiwa Box au Hull tundu linaonekana kwa macho lakini fizikia imeliziba. Weka PreciseConvexDecomposition, ila usiiweke kila mahali, ni nzito kwa simu ndogo. Na kwenye kombeo ukuta uwe mnene, kitu chenye kasi kubwa kinaweza kuvuka ukuta mwembamba kabla mgusano haujahesabiwa.

La mwisho linajitokeza pale tu watu wengi wanapoingia. Kwako peke yako daraja ni laini, akiingia rafiki akasogea karibu linaanza kukatakata. Roblox inamkabidhi mchezaji aliye karibu kazi ya kuhesabu fizikia ya vipande visivyo na Anchored, na intaneti yake ikiwa dhaifu wengine wote wanaona mwendo wake wa kuruka ruka. Kwa mtambo ambao ni wa wote, ongeza mstari huu mwishoni mwa ile Script ili seva ndo ihesabu:

workspace.Daraja:SetNetworkOwner(nil)

Gari usilifanyie hivyo, gari mwachie dereva, la sivyo usukani utachelewa kuitika kwa kila mtu aliye mbali na seva. Halafu jaribu na mchezaji zaidi ya mmoja kwa ile njia ya majaribio ya Studio inayofungua seva na wachezaji kadhaa, mmoja asimame juu ya daraja, mwingine abonyeze kitufe, uangalie skrini zote mbili kwa wakati mmoja.