Kazi Ikikatika Ughaibuni: Jinsi ya Kuamua Kati ya Kubaki na Kurudi Mtwara

Mtu aliyeachishwa kazi Dubai au Muscat, na kwao ni Mikindani au Newala mkoani Mtwara, hukabiliwa na maswali mawili ambayo mara nyingi huyachanganya: moja ni la makaratasi, jingine ni la maisha. La makaratasi lina siku za kuhesabu na halisubiri. La maisha linaweza kusubiri, na ni heri lisubiri. Anayelijibu la maisha kwa pupa ya makaratasi hukata tiketi kwa kuwa kibali kinakwisha, au hukubali kazi duni kuliko ile aliyoipoteza kwa kuwa anaona haya kurudi mikono mitupu.

Anza na kibali. Katika nchi za Ghuba kibali cha ukaazi hufungamana na mwajiri, hivyo kazi ikikoma nacho hufutwa. Falme za Kiarabu hutoa muda wa ziada unaotofautiana kwa aina ya kibali, na ukiupitisha hutozwa faini ya dirhamu 50 kwa kila siku. Kwa hiyo soma tarehe kwenye karatasi yako mwenyewe, wala usitegemee ya mwenzako wa chumbani. Oman, tangu Januari 2021, aliyemaliza au kuvunjiwa mkataba anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya ruhusa ya yule wa zamani. Wafanyakazi wa majumbani wana sheria zao tofauti, na wakikwama mlango wa kwanza kuubisha ni ubalozi wa Tanzania.

Baada ya kuhesabu siku za kibali, hesabu haki zako, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Katika sekta binafsi ya Falme za Kiarabu, aliyetimiza mwaka mmoja hustahili kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, na malipo hayo yanapaswa kukamilika ndani ya siku 14 baada ya mkataba kwisha. Tangu 2023 ipo pia bima ya kupoteza kazi, ambayo humlipa aliyechangia miezi 12 mfululizo asilimia 60 ya mshahara wa msingi kwa muda usiozidi miezi 3, mradi hakujiuzulu wala kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Madai huwasilishwa ndani ya siku 30, na anayeondoka nchini huyapoteza: hiyo pekee ni sababu tosha ya kutokimbilia uwanja wa ndege. Usitie saini karatasi isemayo umelipwa haki zako zote kabla fedha hazijaingia, na usiondoke bila barua ya utumishi inayotaja kazi uliyoifanya na miaka yake.

Ndipo uligeukie swali la maisha, ukiuliza ni nani atakayelipia ujuzi wako, na wapi. Mchomeleaji, fundi umeme au dereva wa mashine za kunyanyulia mizigo ana pa kubisha hodi Mtwara: bandarini, kwenye kiwanda cha saruji, au kwa wakandarasi wa gesi ya Mnazi Bay na Madimba. Kama ujuzi wake aliupata kazini bila cheti, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuupima na kuutambua. Mpishi wa hoteli kubwa hana uwanja mpana kama huo, na pengine kurudi kwake kuwe ni kwenda Zanzibar. Mradi wa kusindika gesi wa Likong'o, Lindi, umezungumzwa kwa zaidi ya miaka 10. Ukianza utakuwa neema, lakini usiupangie ada za watoto.

Ukiamua kurudi, fedha yako itapata washauri wengi kuliko wewe, hasa ukifika mwezi Oktoba minada ya korosho inapoanza. Atatokea ndugu wa kukushawishi uingie kangomba, yaani kumkopesha mkulima fedha kidogo ili akulipe kwa korosho zake msimu ukifika. Jambo hilo limekatazwa, nalo humnyonya jirani yako. Shamba la mikorosho ni halali, ila miche huchukua takriban miaka 3 kabla ya kuanza kuzaa, na kila mwaka hudai dawa ya salfa na vibarua wa kupalilia. Tenga kwanza matumizi ya nyumbani ya miezi 6, kisha zungumzia mtaji.

Wazee wa pwani husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini wanaokusubiri huenda hawajui kama safari imekwisha. Mpigie simu mtu mmoja mwenye kauli katika ukoo, ambaye kwa Wamakonde na Wamakua wengi ni mjomba, umweleze ukweli pamoja na kiasi utakachoweza kusaidia, kabla hujataja tarehe ya ndege kwa mtu mwingine yeyote.