Unapokuja kujitolea kwa farasi wetu, anza na mizani

Watu wengi wanaofika hapa Mufindi, mkoani Iringa, kutusaidia humkuta farasi aliyekonda, mbavu zinahesabika, na jambo la kwanza wanalotaka ni kumlisha ashibe. Huruma hiyo naielewa, ndiyo inayotuleta wote hapa. Lakini farasi aliyeshinda njaa kwa miezi anaweza kufa kwa sababu ya chakula, tena siku chache baada ya kuokolewa, wakati watu wameshaanza kufurahi. Ndiyo maana mgeni namwonyesha kwanza mizani ya kuning'iniza ya kupimia chakula iliyoko stoo, halafu ndipo namwonyesha farasi.

Mwili wenye njaa ndefu umeshakula mafuta yake na sasa unakula misuli. Ukimmwagia pumba, mahindi au molasi, sukari inajaa damuni kwa ghafla, insulini inapanda, na madini ya fosforasi, magnesiamu na potasiamu yanavutwa kuingia ndani ya seli. Damu inabaki nayo kidogo mno, na moyo na mapafu vinashindwa kazi. Hatari hiyo iko ndani ya siku kumi za mwanzo, na mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya tatu na ya tano.

Ratiba tunayofuata inatokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, nchini Marekani. Siku tatu za kwanza ni nusu kilo ya alfalfa kavu, majani ya lishe ya jamii ya kunde, kila baada ya saa nne, usiku na mchana: saa kumi na mbili, saa nne, saa nane, halafu unarudia. Alfalfa ina wanga kidogo, na ina protini, fosforasi na magnesiamu, vile vile vinavyopungua damuni. Kuanzia siku ya nne unaongeza kidogo kidogo na kupunguza idadi ya milo, mpaka siku ya sita anapata kama kilo mbili kila baada ya saa nane. Baada ya siku kumi anaweza kula alfalfa kadiri atakavyo, kwa milo miwili. Maji safi yawepo muda wote. Nafaka, hata gao moja, hapana, mpaka daktari wa mifugo aseme.

Zamu ya saa nane usiku ndiyo ngumu, hasa Juni na Julai, baridi ya huku inapoingia mpaka kwenye mifupa. Usiiruke, na usiamue kumpa kilo nzima saa nne ili ulale. Farasi atakugongea mlango kwa kwato na kukulilia. Mpime nusu kilo yake, umwekee, uondoke. Kurejesha mwili wake wa kawaida kunachukua miezi sita mpaka kumi, na hakuna njia ya mkato.

Kujua anavyoendelea, usitegemee macho. Msimu wa baridi farasi wa huku huota manyoya marefu yanayoficha mbavu, na mtu akipita barabarani anasema amenenepa. Tia mkono: shingoni, nyuma ya bega, mbavuni, mgongoni, na kwenye shina la mkia. Hizo, pamoja na kinundu kilicho juu kati ya mabega, ndizo sehemu zinazotumika katika kipimo cha unene wa farasi cha Henneke cha mwaka 1983, ambapo 1 ni mifupa mitupu na 9 ni unene uliopitiliza. Kisha chukua futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, na urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha kifua kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawa kwa 11,880. Farasi wetu jike mweupe tunayemwita Chokaa akiwa na kifua cha 160 na urefu wa 140, hesabu inatoa kilo 302 hivi. Andika daftarini pamoja na tarehe. Kwa farasi aliyekwisha kupona, nyasi kavu kwa siku ziwe kama asilimia moja na nusu mpaka mbili ya uzito wake.

Asubuhi, kabla hujafungua banda, simama kwanza mlangoni utazame. Amesimama au amelala? Maji ya usiku yamepungua? Farasi mzima hunywa lita 25 na zaidi kwa siku, na baridi ikizidi hunywa kidogo, ndipo tumbo linapofunga. Hesabu marundo ya mavi. Farasi mwenye afya hutoa nane mpaka kumi na mawili kwa siku nzima. Ukikuta banda safi kupita kiasi usishukuru, nenda katege sikio ubavuni, nyuma ya mbavu ya mwisho, pande zote mbili. Tumbo lazima lingurume. Kimya kibaya ni hicho.

Ukiingia, mfikie kwa upande wa bega huku ukiongea naye, lolote tu, hata ukimsimulia bei ya mbolea. Farasi haoni moja kwa moja nyuma yake wala mbele kabisa ya paji la uso. Na kamba ya kumwongozea usiizungushe mkononi kamwe. Ikunje uishike katikati, ili akishtuka ikuponyoke badala ya kukuvunja vidole.

Kwato ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Simama ubavuni ukitazama mkia, telezesha kiganja kutoka begani kushuka mguuni, bana kidogo juu ya kifundo, naye atainua. Kwa kulabu ya kusafishia, kwangua kutoka kisiginoni kwenda kidoleni, ukipita kwenye mifereji miwili iliyo kando ya ile nyama ngumu yenye umbo la pembetatu katikati ya kwato. Matope ya Mufindi ni mekundu na yanashika, kwa hiyo kwangua mpaka uone weupe. Halafu nusa. Kwato nzima hunuka udongo. Ukisikia harufu ya uozo, na kulabu ikatoka na uji mweusi, hapo pameanza kuoza. Osha, kausha kabisa kwa kitambaa, na muhamishie kwenye banda kavu. Huku mvua huanza Novemba na kuendelea mpaka Mei, bila banda kavu dawa haisaidii. Kukata kwato ni kila wiki sita mpaka nane, na hiyo mwachie fundi.

Matandiko yetu ni maranda, na Mafinga ina viwanda vya mbao kila kona, tunayapata bila shida. Uliza jambo moja tu: mbao hizo zimetiwa dawa? Vumbi la nguzo za umeme zilizowekwa dawa lina sumu, halifai kulaliwa na mnyama. Tunachukua ya msindano mkavu usio na dawa. Samadi inayotoka, majirani huja na toroli kuichukua kwa ajili ya bustani.

Sasa sumu, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu vingi vinaletwa kwa upendo. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alikuja akanisalimu "Kamwene" akiwa na kapu la maparachichi laini kwa ajili ya farasi. Parachichi, tunda, mbegu na majani, linamdhuru farasi, na siku hizi kuanzia huku mpaka Njombe mashamba yamejaa miparachichi. Nilimwambia, "Mama, asante sana, haya tutakula sisi watoto wako." Farasi hakupewa hata ganda, na mama hakurudi na kinyongo. Mahindi yaliyoota ukungu nayo ni hatari kubwa: sumu ya ukungu huo huozesha ubongo wa farasi, na kumtoa mtu kwenye mawazo kwamba "haya mabovu tumpe mnyama" ni kazi ya kila msimu wa mavuno. Majani ya lusina yanayofaa mbuzi yanamnyonyoa farasi singa na mkia. Chakula cha kuku na cha ng'ombe kinaweza kuwa na dawa iitwayo monensin, ambayo kwa farasi ni kifo. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, ukisoma chupa ukakuta neno amitraz, irudishe rafuni. Utumbo wa farasi unasimama. Kupe tunawatoa kwa mkono, masikioni, chini ya mkia na katikati ya mapaja, na dawa tunamwuliza daktari.

Jua likianza kushuka, farasi wote ndani. Hilo halina mjadala hata kama kuna mwanga bado na nyasi ni nzuri. Tauni ya farasi wa Afrika inaenezwa na visubi, vidudu vidogo kuliko mbu, vinavyouma tangu magharibi mpaka alfajiri, na huongezeka mvua zikishanyesha sana. Haina tiba, na farasi asiye na kinga akipata ile inayoshika mapafu, wengi hawaponi. Baridi ya milimani hupunguza visubi, haivimalizi. Punda huugua kwa unafuu zaidi, lakini nao tunawaingiza.

Wewe mwenyewe njoo na gambuti, koti la mvua na chanjo ya pepopunda isiyopitwa na wakati. Farasi nao wanachanjwa, maana pepopunda unawaua upesi, na zizi lenye samadi na misumari ndiko unakokaa.

Ukiona farasi anageuka kutazama ubavu wake, anapiga tumbo kwa mguu, anajiviringisha chini au amekataa chakula, usimpe kitu chochote mdomoni. Farasi hawezi kutapika. Kinachoingia kitapitia huko huko palipofunga. Ondoa nyasi, chukua vipimo kwanza, ndipo upige simu. Mapigo unayapata kwa vidole viwili chini ya taya, ya kawaida ni 28 mpaka 44 kwa dakika. Pumzi ni 8 mpaka 16. Joto, kwa kipima joto njia ya haja kubwa, ni nyuzi 37.5 mpaka 38.5. Fizi ibonyeze, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Mweleze daktari namba hizo zote, saa alipotoa mavi ya mwisho, na alichokula jana. Kama ni msimu wa mvua, mwambie pia aje na gari la juu, kwa sababu kutoka lami mpaka hapa utelezi ni mkali na pikipiki nyingi hurudia njiani.