Kufungua Pampu ya Dizeli Iliyokwama kwenye Massey Ferguson 135

Trekta la Massey Ferguson 135 lililolala tangu mavuno mara nyingi hukataa kuwaka mvua zinapokaribia, na dalili yake huwa ni hii: starta inazungusha injini vizuri, tangi lina dizeli, lakini bomba la moshi halitoi hata moshi mwembamba mweupe. Moshi huo unapokosekana kabisa, dizeli haiingii kwenye silinda. Maelezo yafuatayo yanahusu matrekta hayo yenye injini ya Perkins ya silinda 3 na pampu ya CAV aina ya DPA, ambayo hutumia rota moja, yaani kipande cha ndani kinachozunguka, kugawa dizeli kwa zamu kwenye nozeli zote.

Pampu hii haina oili yake. Kila kinachozunguka ndani yake hulainishwa na dizeli inayopita, kwa hiyo maji kidogo yaliyotulia humo huleta kutu, na dizeli iliyokaa muda mrefu huacha utando wa kahawia kama chai ya rangi iliyokolea. Kinachonaswa mara nyingi zaidi ni vali ya kupimia mafuta, kipande cha chuma chembamba kinachosimama chini ya kifuniko cha juu cha pampu na kuzungushwa kidogo na gavana, yaani kifaa kinachodhibiti kasi ya injini, ili kuongeza au kupunguza dizeli. Ikinata ikiwa imefunga, injini haipati kitu. Ikinata ikiwa wazi, injini inaweza kukimbia bila kudhibitiwa. Habari njema ni kwamba vali hiyo hufikiwa bila kung'oa pampu kwenye injini, na hivyo majira ya pampu, yaani wakati wake wa kuingiza dizeli, hayaguswi.

Nawasihi wenye matrekta wasikimbilie kulivuta trekta ili liwake. Kama kilichoganda ni rota yenyewe, nguvu ya kuvuta hukata shafti inayoiendesha, na tatizo ambalo lingemalizwa kwa kulowesha na kusubiri hugeuka kuwa pampu ya kununua.

Anzeni na mambo mepesi. Angalieni kama mkono wa kuzimia injini ulioko kwenye pampu unarudi mahali pake, kwa kuwa kebo yake iliyoshika kutu huuacha umefunga, na mtu akaifungua pampu isiyo na kosa lolote. Kisha legezeni bomba linaloingiza dizeli kwenye pampu na mpige pampu ya mkono. Dizeli ikitoka kwa nguvu, filta na mabomba ni mazima. Wenzo wa pampu ya mkono ukilegea bila kusukuma kitu, zungusheni injini mzunguko mmoja kisha mjaribu tena, kwa sababu huenda kemu imeushikilia.

Baada ya hapo osheni pampu kwa brashi na dizeli safi mpaka rangi yake ionekane, mfunge koki ya tangi, kisha mfungue kibamba kidogo cha ubavuni. Mtu mmoja azungushe injini kwa spana kwenye puli ya krenki, polepole, huku mwingine akitazama ndani kwa tochi. Kinachoonekana humo kikizunguka pamoja na injini, rota ni huru na kazi inaweza kuendelea. Kisipozunguka, au spana ikigoma, simameni hapo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kupimia pampu.

Ili kufungua kifuniko cha juu, wekeni alama kwenye mikono ya akseleta na ya kuzimia kabla ya kuichomoa, kisha mfungue nati za kifuniko na mkinyanyue huku mkizisukuma shafti za mikono hiyo zibaki chini. Pigeni picha kabla ya kugusa chochote. Springi ya gavana imeshika kwenye tundu moja kati ya kadhaa, na kila tundu lina kasi yake. Ikirudishwa kwenye tundu jingine, kasi ya injini haitakuwa ile ya awali.

Sasa shikeni kijikono cha vali kwa ncha za vidole. Kikigoma, mwagieni kwenye kitundu chake dizeli safi iliyochanganywa na mafuta ya gia ya otomatiki, mfunike kwa kitambaa safi, na mwache usiku kucha. Asubuhi kisukumeni kulia na kushoto kwa milimita moja au mbili tu, bila bisibisi wala nyundo, mpaka mhisi kinaachia. Huachia kwa ghafla, na baada ya hapo huteleza. Ing'oeni vali, muifute kwa mafuta ya taa na kitambaa kisichoacha nyuzi. Msitumie msasa, kwa maana nafasi kati ya vali na kitundu chake ni ndogo mno, na kinachokwanguliwa hakirudi. Vali iliyo tayari hushuka yenyewe kwa uzito wake.

Mnaporudisha kifuniko, wekeni gasketi na oringi mpya, na mhakikishe mkono wa kuzimia unaisukuma vali ifunge kweli. Fungueni koki, mtoe upepo kwanza kwenye filta, kisha kwenye skrubu ya ubavuni mwa pampu, kisha ile ya juu kwenye kifuniko. Mwisho legezeni nati za mabomba ya nozeli na mpige starta mpaka dizeli itoke bila mapovu, mikono ikiwa mbali, kwa sababu dizeli ya shinikizo hupenya ngozi na jeraha lake linahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuwasha, vueni mpira wa hewa kutoka kwenye kisafisha hewa na mtu asimame na kipande cha ubao kinachoziba mdomo wa hewa. Injini ikipandisha kasi bila kuamriwa, azibe mara moja kwa ubao, wala si kwa kiganja. Ikituliza mngurumo wake, izimeni kwa mkono wa kuzimia mara tatu au nne. Ikizimika kila mara bila kusita, rudisheni mpira wa hewa, na baada ya siku ya kwanza ya kulima mmwage maji yaliyojikusanya chini ya filta.