Toroli la kompyuta wodini: anza na taa ya betri

Kabla hata sijapokea ripoti ya zamu, nakwenda kuangalia taa ya betri kwenye toroli langu la kompyuta. Usiku mmoja lilinizimikia katikati ya kugawa dawa. Mgonjwa ameshameza kidonge, mimi sijarekodi. Mwenzangu angepita baadaye angempa kingine. Tangu siku hiyo, chaji ikiwa chini ya nusu siondoki nalo.

Kila ukisimama kuandika maelezo marefu, lichomeke ukutani. Usisubiri lianze kulia. Betri za asidi ya risasi hasa hufa mapema zikiachwa ziishe kabisa mara kwa mara. Za lithiamu huvumilia zaidi. Ukiondoka, shika plagi yenyewe kuchomoa, si waya, kisha uutundike waya kwenye ndoano yake usije ukamkwaza mtu.

Rekebisha kimo. Mabega yalegee, viwiko vikunjwe kama nyuzi 90, ndipo upandishe au ushushe meza mpaka kibodi ifikie mikono. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini kidogo. Aliyekutangulia huenda ni mrefu kuliko wewe. Usirithi kimo chake, mgongo utakudai. Njiani lisukume, usilivute.

Kitandani, liweke pembeni, lisikae kati yako na mgonjwa. Funga breki, maana mgonjwa anayejaribu kuinuka hushika chochote kilicho karibu. Muulize jina lake, skani bangili ya utambulisho iliyo mkononi mwake, ndipo uskani dawa. Bangili ikigoma, inyooshe kwa vidole ujaribu tena. Tafadhali, usiskani nakala ya bangili iliyobandikwa kwenye droo ili umalize haraka: hapo umethibitisha karatasi, hujamthibitisha mgonjwa. Ukigeuka hata dakika moja, funga skrini (kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L) na droo ya dawa.

Kusafisha, tumia kitambaa chenye dawa ya kuua vijidudu. Usipulizie dawa moja kwa moja kwenye kibodi. Pitisha kwenye kibodi, kipanya, skana, mpini, na ule wenzo wa chini ya meza wa kurekebishia kimo, ambao wengi huusahau ilhali kila mkono huushika. Pabaki na unyevu kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, usipakaushe. Hata hivyo, takasa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa.

Zamu ikiisha lirudishe kwenye soketi, kisha uiname uangalie taa ya chaji. Plagi iliyolegea huonekana kama imechomekwa.