Namna ya kuandaa somo huria la kuhamisha daftari la madeni kwenda kwenye lahajedwali

Masomo mengi ya kuweka biashara kidijitali humwonyesha mfanyabiashara mahali pa kubonyeza kwenye programu fulani. Programu ikibadilika sura, somo linakufa. Linalodumu ni somo linalofundisha utaratibu wenyewe, tena limetolewa kwa namna ambayo mwalimu wa Kigoma au Kakamega anaweza kulirekebisha lifanane na maduka ya kwao bila kumwomba mtu ruhusa. Pendekezo la UNESCO la mwaka 2019 kuhusu raslimali huria za elimu linasema hivyo hivyo: mtu alipate bure, alitumie tena, alibadilishe na alisambaze.

Chagua utaratibu mmoja tu. Hapa tunachukua daftari la madeni la duka la rejareja, maana karibu kila mwenye duka analo, na ndilo linaloleta ugomvi mwisho wa mwezi.

Anza na karatasi

Kabla ya kugusa kompyuta, kaa na mwenye duka mchore kwenye karatasi ya A4: nani huandika deni, saa ngapi, nani hulisoma, na mteja akilipa nini hufanyika. Hapo kwenye malipo pachunguze sana. Kwenye daftari, deni likiisha mstari hukatwa. Likipunguzwa, kiasi cha zamani hufutwa na kipya huandikwa juu yake. Ukihamisha mtindo huo kama ulivyo, utabaki na salio ambalo hakuna anayejua limetokana na nini. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya somo iwe hii: hakifutwi kitu, kila malipo ni mstari mpya.

Jedwali la mfano

Kwenye lahajedwali (programu ya majedwali kama Excel), safu wima tano zinatosha: A tarehe, B namba ya mteja, C maelezo, D amekopa, E amelipa. Majina na namba za simu viwe kwenye ukurasa wa pili, kila mteja na namba yake: M01, M02, kuendelea. Salio la mteja M07 hupatikana kwa fomula hii, ambamo SUMIF hujumlisha mistari ya mteja huyo tu:

=SUMIF(B2:B300,"M07",D2:D300)-SUMIF(B2:B300,"M07",E2:E300)

Namba ya mteja huondoa tatizo la "Mama Asha" kuandikwa "mama asha wa kona" wiki inayofuata, kisha deni moja likagawanyika mara mbili.

Tunga mistari 30 ya data ya kubuni. Usipige picha daftari la mtu ukaliweka kwenye somo, hata akikubali, kwa sababu wateja wake hawajaulizwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na jina la mtu pamoja na deni lake ni taarifa zake binafsi.

Ndani ya mistari hiyo panda makosa matatu kwa makusudi, kwani ndiyo wanafunzi watakayokutana nayo dukani. La kwanza ni "5,000/=". Lahajedwali huichukua kuwa maandishi, na SUMIF huiruka bila kutoa onyo lolote. Salio linakuwa pungufu na mwenye duka haelewi kwa nini. Mfundishe kutazama upande: kama hujabadilisha mpangilio, namba hukaa kulia mwa kisanduku na maandishi hukaa kushoto. La pili ni tarehe. Faili lililowekwa mpangilio wa Marekani husoma 3/4/2025 kuwa Machi 4, si Aprili 3. Andika 2025-04-03, mkanganyiko unaisha. La tatu ni namba ya simu inayoanza na 0: sifuri hupotea isipokuwa safu wima imewekwa kuwa maandishi kabla ya kuandika. Ukiiweka baadaye, sifuri iliyokwisha kupotea hairudi yenyewe.

Weka majibu ya makosa hayo kwenye faili la mwalimu, yakieleza na sababu zake.

Picha za skrini zipigwe kwenye simu, kama wanafunzi wako wana simu tu. Menyu za simu na za kompyuta hazifanani, na mwanafunzi akikosa kitufe kilichoonyeshwa kwenye picha husimama hapo hapo.

Leseni na mafaili

Tumia leseni ya Creative Commons, inayotoa ruhusa mapema kwa kila mtu: CC BY 4.0 (mradi akutaje) au CC BY-SA 4.0 (akutaje, na toleo lake alitoe kwa leseni hiyo hiyo). Kiambishi ND (kutobadilisha) kiepuke kabisa: kinazuia kusambaza tafsiri au toleo lililorekebishwa, ilhali kusambaza hivyo ndiko kusudi la kazi yote hii. NC (kutotumia kibiashara) nayo huwatia wasiwasi vyuo na wakufunzi wanaotoza ada, na maandishi ya CC BY-NC-SA huwezi kuyachanganya na ya CC BY-SA katika kazi moja. Ukitumia picha ya mwingine, taja jina la picha, aliyeitengeneza, ilikotoka na leseni yake, papo hapo chini ya picha. Ikiwa umeajiriwa na somo ni sehemu ya kazi yako, pata kwanza idhini ya mwajiri kwa maandishi, maana mara nyingi hakimiliki ni yake.

Kutoa PDF peke yake ni kufunga mlango uliotangaza kuwa uko wazi. Toa pia faili la kuhaririwa: ODT kwa maandishi, ODS kwa jedwali, pamoja na picha asilia. Yafungashe kwenye ZIP moja lenye faili fupi liitwalo SOMA-KWANZA.txt, linalotaja leseni, tarehe, namba ya toleo na programu iliyotumika. Video, kama ipo, iwe ya dakika chache na ubora wa 480p. Bando ni pesa ya mwanafunzi.

Kabla ya kulipakia kwenye OER Commons, maktaba ya mtandaoni ya masomo huria, au kwingineko, mpe mwalimu ambaye hakushiriki kuliandaa alifundishe kwa wenye maduka watatu, nawe ukae nyuma kimya. Wanaposimama, andika namba ya ukurasa. Rekebisha hapo, badilisha namba ya toleo kutoka 0.9 kuwa 1.0, ndipo ulipakie. Weka pia anwani ya barua pepe ya kupokea marekebisho, na awepo mtu maalumu wa kuijibu.